Mashine Isiyo na Mfuko

Mbagala Kizuiani,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Mwanangu Baraka,

Umetoka na baba yako kwenda kumuaga shangazi yako Kimara, na nyumba imekuwa kimya mpaka nasikia friji linavyonguruma jikoni. Nguo zako nimeshazipiga pasi. Begi nimelifunga, nikalifungua, nikalifunga tena. Hakuna kilichosahaulika, ila mikono yangu ilikuwa inatafuta kazi. Kesho alfajiri unapanda basi la Dodoma, na mimi nitabaki na chumba chako na kitanda kilichotandikwa.

Mambo ya kula kwa wakati, ya kwenda kanisani, ya kumpigia bibi yako simu, sitayaandika. Hayo umeyasikia tangu ukiwa unavaa kaptula, na usiyoyasikia, Dodoma itakwambia yenyewe. Nataka kukuandikia juu ya hizo mashine mbili za kufyonza vumbi mlizonunua wewe na rafiki yako Deo, hizo zilizokaa sebuleni zikisubiri safari. Najua utacheka. Utasema, mama wa watu, mwanawe wa kwanza anaondoka nyumbani, yeye anamwandikia barua ya mashine. Cheka, lakini soma mpaka mwisho, baba yangu.

Juzi nilipoanza kukueleza ulinikatiza. Ukasema, "Mama, hizi si kama lile zee lako. Hizi hazina mfuko, kwa hiyo hazina gharama. Kopo likijaa unamwaga, kazi inaendelea." Nikanyamaza, ukadhani nimekubali. Maneno hayohayo niliwahi kuyasikia kwa mtu mwingine, akiyasema kwa furaha kama yako, na mtu huyo tulimzika.

Huyo ni Bi Zuhura wa Tandika. Wewe unamkumbuka kama yule mama aliyekaa barazani amejiziba pua kwa khanga, ukimpa shikamoo anakuitikia kwa kuinua mkono. Ulikuwa shule ya bweni Songea yalipomkuta. Ukirudi likizo ukiuliza, tulikuwa tunakujibu, "Kifua kinamsumbua," basi. Hatukuwa tunakuficha. Wewe ulikuwa na mitihani yako, na sie wakubwa wenyewe hatukujua jambo lenyewe tulianzie wapi.

Zuhura ninayemjua mimi alikuwa mwanamke wa sauti. Alikuwa anaweza kusimama dirishani ghorofa ya pili akagombana na muuza maji aliye ng'ambo ya barabara, na akashinda. Mzaliwa wa Temeke, baba yake na babu yake wote wa hapahapa. Mimi nilikuwa nimetoka Njombe na lafudhi yangu, kila nikisema neno ananiigiza, ananicheka, halafu ananikatia kipande cha chapati yake. Tulikutana Kurasini, kwenye ofisi za mawakala wa forodha, tukifanya usafi kwa mkataba wa kampuni. Kule kulikuwa na makapeti ya zamani yaliyokuwa yananuka viatu na mvua, na mashine moja kubwa ya mfuko. Yeye ndiye aliyenifundisha kuiwasha. Kabla ya hapo nilikuwa naiogopa, nilidhani itanivuta gauni.

Tulipochoka na kampuni tukatoka, tukaanza kazi yetu wenyewe, mimi na yeye. Tulinunua mashine iliyokuja kwenye kontena la mitumba, ya mfuko, nzito, nyekundu, ile unayoiita zee langu. Ilikuwa inafanya kazi vizuri sana. Vumbi linaingia kwenye mfuko wa karatasi, hewa inapita, vumbi linabaki. Mfuko ukijaa unauchomoa, unaziba mdomo wake, unautupa jinsi ulivyo. Hulioni vumbi wala halikuoni.

Shida ilikuwa mifuko yenyewe. Ilikuwa inauzwa Kariakoo kwa mfanyabiashara mmoja tu, na siku akiwa nayo anajua kabisa kwamba huna pa kwenda. Pakiti moja ilikuwa inakula pesa ya mchele wa wiki nzima wa nyumba zetu zote mbili. Wewe ulikuwa na ada, yeye alikuwa na mama yake mzazi mgonjwa wa miguu. Basi tukaanza ujanja. Zuhura akawa anakata mfuko kwa chini, anamwaga, anaukunja na kuupiga pini za stepla, tunautumia tena mpaka uchanike. Mimi nikashona wa kitambaa kwa shuka la zamani. Tulijiona tuna akili! Kumbe kitambaa kilikuwa kinapitisha vumbi lile laini kama unga, linaingia kwenye mota. Mashine ikaanza kulia kama mtoto mwenye homa. Fundi wa Keko alipoifungua, mota yote ilikuwa imejaa uji mkavu wa kijivu. Tulilipa matengenezo kwa pesa ambayo ingetununulia mifuko ya miezi.

Na hata hapo hatukujifunza, mwanangu. Tulichoona ni kwamba adui yetu ni mfuko.

Ndipo zikaingia hizi za kopo. Tulizikuta dukani, zimepangwa zinang'aa, kopo lake la plastiki unaona mpaka ndani. Kijana wa dukani akawasha moja, akamwaga majivu chini kwa makusudi, ikayameza yote. "Mama zangu," akasema, "hii ukinunua umemaliza. Haina mfuko. Ukimwaga, imekuwa mpya."

Zuhura akanishika mkono pale pale. "Shoga, umesikia? Umemaliza! Hatuendi tena kumpigia magoti yule mtu wa mifuko."

Mimi ndiye niliyetoa pesa kwenye pochi. Nilikuwa na haraka kuliko yeye.

Miezi ya mwanzo ilikuwa ya raha, sitakudanganya. Wateja walipenda kuona uchafu wao ukizunguka ndani ya kopo. Zuhura alikuwa anamaliza sebule ya mtu, analinyanyua kopo juu kama kombe la mpira, anamwambia mwenye nyumba, "Ona mwenyewe, bibi. Haya ndiyo uliyokuwa unalala nayo." Mtu anashtuka, anatuita na chumba cha pili. Tulipata kazi za gesti Sinza, tukapata kanisa moja, tukapata na ofisi mbili za Kinondoni. Jioni Zuhura anamwaga kopo nyuma ya nyumba, vumbi linapanda kama moshi, anageuza uso, anapiga chafya, anacheka. Alikuwa anamwaga yeye kila siku. Mimi nilikuwa sipendi kuchafuka nywele.

Kijana wa dukani hakutuambia habari ya filta. Wewe umeiona kwenye mashine yako? Zipo mbili. Moja ni ya sponji, ile unaiosha. Lakini uioshe leo, uiache ikauke mpaka kesho, na kwa unyevu wa mji huu wakati mwingine mpaka kesho kutwa. Ukiirudisha mbichi mashine inanuka kama nguo iliyolala kwenye beseni, na maji yanaingia kwenye mota. Kwa hiyo unahitaji mbili, moja ikae kazini, nyingine kambani. Ya pili ni ile ya karatasi iliyokunjwakunjwa kama feni ya mkononi. Ile ndiyo inayokamata vumbi lisiloonekana. Haioshwi. Watu wa dukani wanasema inaoshwa, sie tuliiosha, ikatoka imelegea kama mkate ulioloweshwa chai. Inatakiwa ibadilishwe. Na tulipoenda kuitafuta mpya, hatukuipata Kariakoo yote. Walitwambia tuagize nje, kwa bei ambayo Zuhura aliisikia akaketi kwenye ngazi za duka.

"Sasa hii si mfuko huohuo umebadilishwa jina?" akasema.

Tukarudi nyumbani na filta ileile. Tukawa tunaipigapiga ukutani kutoa vumbi.

Sasa nakueleza habari ya Msasani. Sijawahi kuieleza yote, hata kwa baba yako.

Tuliitwa kwenye nyumba iliyokuwa imemaliza kukarabatiwa. Nyumba ya ghorofa, kubwa, dari zote zimewekwa jipsamu mpya, kuta zimesuguliwa kwa msasa. Mafundi walikuwa wameshaondoka, wameacha vumbi jeupe kila mahali. Si vumbi la miguu ya watu, mwanangu. Ni laini kuliko sembe. Ukikanyaga halitoi sauti. Ukifungua kabati linashuka taratibu, kama kitu kilichokuwa kinakusubiri. Mwenye nyumba, mama mmoja mpole tu, alisema wageni wake wanatua mwisho wa wiki, na akatuomba tusifungue madirisha maana rangi ya milango ilikuwa bado haijakauka vizuri.

Tulibishana asubuhi hiyo. Mimi nilitaka tubebe zee letu na mifuko. Zuhura akasema, "Vumbi lote lile? Tutamaliza pakiti nzima kabla ya kumaliza chumba kimoja, faida yote iishie kwa yule mtu wa Kariakoo. Tuchukue ya kopo." Nikapiga hesabu kichwani, nikaona anasema kweli. Tukachukua ya kopo.

Mimi nikaanza chini, kuosha vioo na vigae kwa maji. Yeye akapanda juu na mashine. Tuligawana hivyo bila kufikiria, kwa sababu goti langu lilikuwa linauma, sikutaka ngazi. Nimeliwaza sana goti lile.

Kopo likawa linajaa kila baada ya muda mfupi. Anashuka nalo, anatoka uani, anamwaga. Upepo wa baharini unamrudishia usoni. Filta ikaziba, mashine ikaacha kuvuta. Akaipiga kwenye ukuta wa bustani, wingu likapanda mpaka mlinzi akaja kuangalia. Alikuwa mzee wa Kimakonde, mtu wa maneno machache. Akamtazama Zuhura, nywele nyeupe, kope nyeupe, midomo myeupe.

"Mama," akamwambia, "umekuwa kama mtu aliyefukuliwa."

Zuhura akacheka sana. Akaniita nitoke nimwone. Nilitoka, nikacheka pia. Kuna picha, niliipiga kwa simu. Nilishaifuta.

Filta ikaziba tena, na tena. Saa zinakwenda. Nikamsikia juu anaizima, kimya kidogo, kisha ikawaka na mlio mwingine, wa nguvu, kama mpya. Akanipigia kelele kutoka ngazini, "Mama Baraka! Nimeitoa ile takataka ya karatasi. Sasa inavuta mpaka vigae!" Nikamjibu, "Hongera!" Ndivyo nilivyosema. Hongera.

Alifanya kazi hivyo vyumba vyote vya juu, madirisha yamefungwa. Nilipopanda kumpelekea soda, nilifungua mlango sikumwona. Nilisikia mashine, sikumwona mtu. Chumba kilikuwa cheupe chote, hewa yenyewe ilikuwa nyeupe. Lile vumbi lilikuwa linaingia kwa mbele na kutokea kwa nyuma, maana hapakuwa na kitu cha kulizuia. Alikuwa anazunguka ndani yake na mtandio umemdondoka mdomoni, anafuta chumba ambacho mashine yake inakichafua upya. Nikamwita. Akageuka, akanipungia mkono, akaendelea.

Baadaye mota ilitoa cheche, ikanuka plastiki, ikafa. Tukamalizia kwa vitambaa vya maji, hadi magoti yakavimba. Mwenye nyumba alitulipa na akatupa na keki. Njiani Zuhura hakuongea. Nilidhani amechoka.

Kikohozi chake kilianza kidogokidogo, kikavu. Akanunua dawa ya maji duka la dawa. Akanywa tangawizi, asali, maji ya kila mti aliotajiwa. Miezi ikapita. Wakampima kifua kikuu, hakuna. Wakampima tena hospitali nyingine, hakuna. Mtaani wakaanza kunong'ona maana mtu akikonda huku Tandika ana ugonjwa mmoja tu. Akaenda kupima na huo, hana, akarudi na karatasi akataka kuibandika mlangoni, nikamzuia. Wakati huo alikuwa akipanda ngazi za nyumba yake lazima akae katikati.

Hatimaye tulimpata daktari mmoja kijana ambaye, kabla ya kugusa kitu chochote, alimuuliza, "Mama unafanya kazi gani?"

"Usafi."

"Unasafisha nini?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Akamweleza yote, makapeti, gesti, Msasani, kopo analomwaga kila jioni miaka yote ile. Daktari akawa haandiki tena, anamsikiliza tu. Akaiweka ile picha ya kifua kwenye mwanga. Mimi sijui kusoma picha zile, lakini niliona madoa, mengi, kama mvua inapoanza kudondoka kwenye udongo.

Zuhura akauliza, "Kwa hiyo ni vumbi? Limo humo?"

"Limo, na limeacha makovu."

"Linatolewaje?"

Daktari akasema halitolewi. Kuna dawa za kumsaidia apumue, kuna mazoezi, aache kabisa kazi ile. Kutolewa, hapana.

Zuhura akanigeukia mimi, si daktari. "Umeona, shoga," akasema. "Walisema ile mashine haina mfuko. Kumbe mfuko mie."

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, akanipa ncha ya khanga yake nifute.

Aliishi muda baada ya hapo, huo unaoukumbuka wewe. Alikuwa analala ameketi, mito nyuma na mbele. Udi aliokuwa akiupenda ukaondoka ndani, vitumbua vikapikwa kwa jirani. Asubuhi, jirani akianza kufagia uwanja, Zuhura akisikia tu ule mlio wa fagio kwenye mchanga anavuta khanga puani na kufumba macho, hata kama dirisha limefungwa. Mwanamke aliyekula kwa kazi ya usafi maisha yake yote alifika mahali anaogopa fagio. Siku za mwisho sauti ilikwisha kabisa. Alikuwa ananishika kidole, anakibana mara moja akimaanisha ndiyo, akikiachia hapana. Nilimuuliza kama ananilaumu kwa lolote. Hakukibana wala hakukiachia, alilala tu. Sijui alinisikia.

Baada ya msiba nilirudi kwa zee langu. Wakati huo mifuko ilishaanza kupatikana kirahisi zaidi, na nikaacha ujanja wote wa pini na mashuka. Mfuko ukijaa unatupwa. Bei yake namwekea mteja wazi tangu mwanzo, akikataa namwacha. Vumbi la ujenzi siligusi bila kulimwagia maji kwanza na kufuta kwa kitambaa, na ile barakoa nzito ya mafundi sivui hata joto liweje. Nimepoteza kazi nyingi, nisikufiche. Zile gesti za Sinza zilichukuliwa na vijana wenye mashine kama zenu, wanaotoza nusu ya bei yangu. Siwezi kushindana nao. Wao hawajaanza kulipa.

Usidhani nazikataa za kopo kabisa. Kwa nyumba ya watu wawili, kapeti moja, vumbi la kawaida, mtu akiwa na filta za akiba na akamwagia kopo ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, nje, ameziba pua, inamfaa. Lakini nyie hamwendi kusafisha kapeti la watu wawili. Ulivyonieleza, kazi ya Dodoma ni jengo jipya zima, ghorofa kwa ghorofa, mafundi wa dari wametoka juzi na wapangaji wanaingia. Mkataba wenu umeandikwa tarehe ya kumaliza. Nilipousoma mkataba ule niliisikia harufu ya ile nyumba.

Nimeacha kuandika kidogo. Nimewaza kwamba badala ya maneno mengi afadhali niwafanyie kitu cha maana, niwasafishie mashine kabla ya safari, nizioshe zile filta za sponji, zikauke mbele ya feni usiku huu uondoke nazo safi. Nimeenda sebuleni na beseni langu la maji, nimeketi chini, nimeifungua ya kwanza.

Baraka, filta haimo.

Sponji ipo, imegandamana, nyeupe. Ile ya karatasi haimo. Nimefungua ya pili, vilevile. Nimeingiza kidole pale inapokaa, kimetoka cheupe mpaka kwenye pete.

Kisha nimempigia Deo.

Ameitika kwa furaha, "Shikamoo Mama! Tumebakiza kufunga mizigo tu."

"Marahaba mwanangu. Zile filta za mashine zenu, za karatasi, mmeziweka wapi?"

"Aah, zile! Tulizitoa Mama. Zilikuwa zinabana, mashine haivuti. Saa hivi inavuta balaa."

"Mlizitoa lini?"

"Ile kazi ya Sinza, mwezi ule. Ile gesti waliyokuwa wanabadilisha dari. Ilibidi, Mama, tulikuwa tumechelewa."

Nilitaka kukata simu hapo. Sijui kwa nini niliendelea kuuliza. "Na nani alikuwa ndani na mashine? Nani alikuwa anamwaga?"

"Baraka. Mie si unajua kifua changu tangu utoto? Baraka akanitoa nje, akasema nisiingie kabisa, yeye atamaliza. Siku zote nne tano zile alikuwa ndani peke yake. Mama, mwanao ana roho nzuri sana. Mie simsahau kwa hilo."

Nimemshukuru. Nimemwambia wasafiri salama. Midomo yangu ilikuwa inajisemea yenyewe.

Nazikumbuka siku hizo. Ulikuwa unarudi jioni unaoga moja kwa moja, ukiniambia usijisumbue na nguo zangu Mama, nitafua mwenyewe. Mimi nikazifua hata hivyo, kwa mapenzi. Maji yalitoka meupe kama ya kuoshea mchele, beseni baada ya beseni. Nikasema moyoni, rangi ya ukutani hiyo, mwanangu anachapa kazi. Nikazianika, nikafurahi.

Sijazigusa tena mashine zenu. Nimeziacha wazi hapo chini, kopo mbali na sponji mbali, uzione mwenyewe ukiingia. Zee langu nimelifuta na kulitoa mlangoni, pamoja na pakiti zote za mifuko nilizokuwa nazo na barakoa zangu. Ukilichukua ni lako. Kuhusu Deo, usimgombeze. Alikwambia kweli kwamba inabana, na wewe ulimpenda, ndivyo nilivyokulea. Ningekulea vingine ningekuwa na amani sasa hivi, na wewe usingekuwa Baraka.

Basi la kesho sitaki ulipande. Naandika hivyo nikijua hunisikilizi siku hizi kama zamani, na sina nguvu ya kukufungia mlango. Nataka asubuhi twende wote kwa yule daktari kijana. Bado yupo, nimeulizia. Akuangalie, akupige picha, aniambie mimi mama yako ni mjinga na mwoga, nimlipe, turudi tukicheka, nikukatie tiketi nyingine kwa pesa yangu. Dodoma haihami. Hilo jengo likikosa mtu wa kulifuta wiki hii, litafutwa wiki ijayo.

Nilitaka nimalize hapa, niikunje barua niiweke juu ya begi lako. Lakini geti limelia. Ni nyie. Kumbe kumeshaanza kuwa na giza, sikuwa hata nimewasha taa. Nasikia viatu vya baba yako kwenye kokoto, nasikia na sauti yako, unamsimulia mambo ya shangazi yako, mnacheka wote wawili. Sasa umekatika katikati ya neno. Unakohoa. Baba yako anasema, "Pole, ni vumbi la barabara hilo."

Nimesimamisha kalamu nisikilize. Nyie bado mko nje, hamjafika mlangoni, mmesimama. Anakusubiri umalize.

Bado hujamaliza.

Mama yako